Sifuri Nilizomwandikia Kaka

Jumatano, tarehe 8 Januari 2014. Upepo wa kaskazini ulileta vumbi tangu asubuhi, mtaa wetu wa Gudele, hapa Juba, wote ukawa rangi ya biskuti. Hayo niliyaandika kwenye daftari langu mwenyewe. Kwenye daftari la hospitali niliandika uongo.

Hilo la hospitali tulipewa Kampala. Kaka yangu alikuwa na saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini, na madaktari kule walikuwa wanajaribu dawa mbili kwa pamoja, wakitafuta dozi ambayo mwili unaweza kuibeba. Watu wachache wanapewa kiasi fulani. Wakistahimili, wanaofuata wanaongezewa. Daktari hakutuficha, lazima niseme. Alisema huenda isimsaidie kaka hata kidogo. Mimi ndiye niliyemsomea ile karatasi kabla hajaweka sahihi. Na kwa sababu mkewe hajui kusoma, kazi ya kuandika ikawa yangu, kila siku: ameharisha mara ngapi, ametapika, vidole vina ganzi?

Siku hiyo alikuwa ameenda choo mara saba kabla ya saa sita mchana.

"Andika sifuri," akasema, kama jana na juzi.

"Kaka, ni mara saba."

"Wewe shule uliachia darasa la sita, leo umekuwa karani wa choo changu? Andika sifuri. Yule mzee wa kitanda cha pili kule Kampala alitaja ganzi ya vidole tu, wakampunguzia. Mimi sikupita barabara ya Nimule mpaka Uganda na vizuizi vyote vile ili nipewe nusu dawa."

Niliandika. Hasira ilinipanda mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia na waliotengeneza lile daftari, wakaandika kwamba ukiharisha sana uende hospitali iliyo karibu, kana kwamba hospitali iliyo karibu haikuwa imejaa watu waliopigwa risasi tangu Desemba. Ila walilichapisha kabla ya vita. Wangejuaje?

Saa nane nesi wa Kampala akapiga simu, kama kila Jumatano. Alikuwa mtu wa Arua, kaskazini mwa Uganda, kama sisi, tukazungumza Kiswahili.

"Dada, mgonjwa iko namna gani? Tumbo?"

Kaka alinikodolea macho. Nilifikiria dozi yake. Halafu, sijui kwa nini saa ile, nikafikiria wagonjwa watakaokuja baada yake, wanaongezewa dawa kwa sababu ya sifuri zangu.

"Leo mara saba," nikasema. "Jana sita. Nimeandika uongo siku tatu."

Nesi hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akaenda kumuuliza daktari, akarudi: dozi ya wiki ijayo imesimamishwa. Tumbo likitulia, atapewa kiasi kidogo zaidi. Sasa hivi apelekwe akawekewe maji.

"Umeniuza kwa watu hata huwajui," kaka alisema.

"Ungekauka hapo mkekani!"

"Ningekauka na dawa yangu."

Nilimpandisha kwenye boda, nikakaa nyuma nimemshikilia. Hospitalini watu walilala sakafuni hadi mlangoni. Mganga mmoja, damu mpaka kwenye viwiko, alitutazama kama tumekuja kununua sukari. Nilitaka kumpigia kelele. Lakini alisimama, akatoa mfukoni pakiti tatu za chumvi ya kunywa ya wanaoharisha.

"Dripu mafi, mama," akasema. "Hakuna hata moja."

Tukarudi. Njia nzima nilikuwa namlaani kaka kimoyomoyo kwa kuniamuru, ingawa mkono ulioandika ulikuwa wangu. Labda ningesema ukweli siku ya kwanza wangempunguzia tu, wasingesimamisha. Labda. Sikuwahi kumuuliza nesi, niliogopa jibu.

Jioni mimi na wifi tulikula ugali wa posho na maharagwe. Kaka alikunywa uji wa mchele, vikombe viwili, na maji ya ile chumvi. Alivipokea kutoka kwa mkewe. Kikombe nilichompelekea mimi alikuwa amekirudisha.