Bi Mwanawema na Kikohozi cha Mkwewe

Bi Mwanawema wa Jadida huosha matumbo ya ng'ombe. Ndiyo kazi iliyomlea yeye na binti yake Khairat tangu mumewe alipofariki, miaka kumi na tisa sasa. Asubuhi yuko machinjioni na ndoo zake mbili, chumvi na kisu kifupi, na wauza supu wa Wete wanajua kwamba utumbo uliopita mikononi mwake hauna mchanga wala harufu. Lakini wale wale wanaokunywa supu hiyo kwa raha huvuta pua anapopita. Mmoja wao ni Bi Mardhiya, mama mzazi wa Hamdan, aliyemuoa Khairat. Tangu siku ya harusi hajapokea hata maji kutoka mikononi mwa Bi Mwanawema.

Mikono hiyo imejifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Ng'ombe akishachinjwa na kupasuliwa, utumbo wake hauachi kazi mara moja. Pale pale kwenye beseni hujibana nyuma ya chakula na kulegea mbele yake, hujibana na kulegea, ukikisukuma taratibu bila kichwa kuuamrisha. Mwanzoni mwa safari Bi Mwanawema hukuta majani yanayotambulikana. Mbele yake huwa uji. Mbele zaidi uji umeshanyonywa nguvu zake. Na mwishoni maji nayo yamefyonzwa, yamebaki makapi ya kutupwa. Njia ni moja na mwelekeo ni mmoja. Khairat alipokuwa mdogo mama yake alimwambia, "Na wewe ndani uko vivyo hivyo. Usijivune."

Mwezi uliopita Hamdan, kuli wa bandari ya Wesha, alishinda na njaa akibeba magunia, kisha akala wali na maharage wa kutosha watu watatu, akarudi kubeba. Kabla ya alaasiri alianguka akijikunja. Utumbo ulikuwa umejisokota. Hospitalini walimpasua, wakausokotoa, wakamshona.

"Utumbo ukishikwashikwa hununa," Daktari Abdulsamad aliwaambia jamaa. "Husimama. Tunangoja uanze tena kutembea, na dalili ninayoitaka ni moja: atoe hewa chini. Kabla ya hapo asipewe hata funda la maji."

Khairat alikuwa ndani ya arubaini ya uzazi, hawezi kutoka nyumbani. Kwa hiyo Zubeir, ndugu wa Hamdan, alikesha naye, na mchana wakakaa mama wawili. Hapo ndipo penye uzito. Kwetu mwanamme na mama wa mkewe hawaangaliani usoni ovyo, seuze kusikilizana mambo ya mwili. Bi Mwanawema aligeuza kiti chake, akakipa kitanda mgongo, akawa anavuta uradi kwa tasbihi yake kimya kimya. Bi Mardhiya alipakata chupa ya maji, kikombe na kijiko.

"Lete nikushikie," Bi Mwanawema alimwambia siku ya kwanza.

"Wacha, mie naviweza. Mikono yako ina kazi yake."

Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Tumbo la Hamdan lilivimba, midomo ikapasuka kwa ukavu. Mzee Ngwali wa kitanda cha jirani, naye aliyeshonwa wiki ile ile, alijaribu kuwachekesha.

"Kuno chumbani kila kitanda kishapiga honi. Cha Hamdan tu ndicho hakina betri."

Hakuna aliyecheka.

Siku ya nne, yapata saa nne asubuhi, Bi Mardhiya alikuwa ametoka kwenda kunawa. Hamdan akakohoa. Mtu mwenye mshono wa siku nne hakohoi kwa kupenda. Bi Mwanawema alisikia jinsi kikohozi kilivyomchana. Na chini ya kikohozi alisikia jambo jingine. Akamshukuru Mungu moyoni, wala hakugeuka. Alijua mwenyewe atasema.

Muuguzi Ruweida akaja na daftari lake. "Hamdan, leo vipi? Umetoa hewa?"

Bi Mwanawema alihisi macho ya mkwewe mgongoni mwake.

"Bado, sista."

Tasbihi ikamponyoka mkononi. Adhuhuri, baada ya adhana, kijana akakohoa tena vile vile, na akaguna kwa maumivu.

Saa saba daktari alifika. Akamminya tumbo, akaweka kipimo chake na kusikiliza kwa muda mrefu.

"Sauti ipo, lakini hafifu, na tumbo limejaa. Siku ya nne hii. Huenda umejisokota tena, au kuna mahali panavuja. Siwezi kungoja zaidi. Mwiteni ndugu yake aje kutia saini, alaasiri tunampasua tena."

"Ataihimili mara ya pili?" aliuliza Bi Mardhiya.

"Sitaki kukudanganya, bibi. Mwili wake umechoka."

Bi Mwanawema alimngoja Hamdan aseme. Hamdan alifumba macho. Kijana hodari wa kubeba gunia la kilo mia, na neno moja lilimshinda. Haya ni pambo la Muislamu, na sitamsifu anayeitupa. Lakini dini haikutufundisha kumwambia tabibu uongo, na anayejificha nyuma ya haya mpaka kisu kimfikie hajaihifadhi heshima yake. Ameidhulumu nafsi aliyopewa kuitunza.

"Daktari, ngoja," alisema Bi Mwanawema, akiwa bado amewapa mgongo. "Mkwe wangu katoa hewa. Saa nne, na tena baada ya adhana."

Muuguzi Ruweida akaangalia daftari lake.

"Bi Mwanawema, mche Mungu," Bi Mardhiya alisema kwa sauti ya chini. "Wamuaibisha mwanangu mbele za watu?"

"Namcha. Ndiyo maana nasema."

"Umejuaje?" aliuliza daktari.

"Alikohoa. Mwenye mshono hakohoi bure. Na utumbo nimeuosha miaka kumi na tisa, sauti yake naijua."

"Wa ng'ombe huo," alisema Bi Mardhiya.

"Wa ng'ombe na wa mtu, kazi ni moja."

Daktari akainama kitandani. "Hamdan, nataka ukweli. Ukinidanganya nitakupasua bure, na huenda nisikurudishe."

Hamdan alivuta shuka mpaka puani. "Mama mkwe atoke kwanza."

"Sitoki," Bi Mwanawema alijibu. "Nikitoka leo kwa ajili ya haya yako, kesho mwanangu akae eda na mtoto mchanga kifuani. Sema nami nipo hapa, uone kwamba haitaniua."

Shuka ilipanda na kushuka kwa pumzi za Hamdan. Karani wa daktari alikuwa ameshafika mlangoni na fomu mkononi.

"Kweli," alisema Hamdan hatimaye. "Mara tatu."

"Kumbe betri ipo," alisema Mzee Ngwali, na safari hii hata muuguzi aliinamisha uso.

Daktari alimsikiliza tumbo upya, akamuuliza hili na lile, kisha akairudisha fomu. "Basi leo hatumpasui. Njia imefunguka. Mpeni maji, vijiko viwili tu, na tumwangalie mpaka kesho."

Bi Mardhiya akafungua chupa. Alipomimina, maji yalimwagika kwenye buibui lake. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Akamgeukia Bi Mwanawema, akamnyooshea kikombe na kijiko.

"Mnyweshe wewe. Mikono yako haitetemi."

Bi Mwanawema aligeuza kiti. Hamdan alifumba macho, yeye akainamisha yake, na kijiko kikaingia mdomoni kwa kupapasa. Akalisikia koo likimeza mara moja. Kazi iliyobaki ilikuwa ya utumbo wenyewe. Akachota kijiko cha pili.