Nilivyojililia kwa Sababu ya Herufi za Miguu

Najua mnanichekanga nikipita sokoni, hata nyinyi mnaojifunika mdomo na leso naona mabega ikitingika, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe, mpate yote kutoka kwa mdomo yenye aibu, badala ya kuokota vipande kwa Selina jirani yangu, maana Selina akisimulia ananifanya nalia kama mbuzi, na mimi nililia vizuri sana. Ndiyo, nililia matanga yangu mwenyewe. Nikiwa na kiatu kimoja. Mbele ya wakwe.

Mnajua mimi darasani sikuingia (baba yangu alisema msichana atasoma sufuria, na kweli sufuria nilisoma mpaka nikamaliza). Sasa mjukuu wangu Khasandi, huyu nimelea tangu akiwa wa kubebwa, anafanyanga kazi hapo mjini Kakamega kwa duka la kuchapisha, wale wa kalenda na kadi za harusi. Kazi yake ni kuchagua herufi zitavaa nini. Jioni tukikaa jikoni ananifundisha, lakini si kama wale wa gumbaru, masomo ya watu wazima, ba-be-bi, hapana, yeye anasema nichore kwanza. "Kukhu," ananiita hivyo kwa sababu mimi ndiye nyanya yake, halafu anatoa ile sauti ya puani ya watu wa ofisi, "usijali imesema nini. Angalia imesimama aje. Hiyo sura yake ndio tunaita fonti."

Na kuchora mimi naweza. Hii mikono imepaka kuta za nyumba na udongo na majivu tangu nikiwa msichana, maua ya vidole, mistari ya nyoka, sasa kupewa makaa na kipande ya katoni nikaona ni mchezo. Nikaanza kutembea mjini nikiangalia herufi vile mtu anaangalia ng'ombe mnadani. Za butchery zimenenepa, shingo hakuna. Za duka la dawa zimekonda, ni kama zenyewe ndio wagonjwa. Za saluni zinalala upande, zimejishika kiuno. Nikirudi nachora, Khasandi anacheka mpaka anaweka kikombe chini. Akaniandikia jina langu, RASOA, nikawa nalichora kila namna, leo linanenepa, kesho linashika kiuno, na hakuna neno lingine nilikuwa najua kuandika hapa duniani, ni hilo tu.

Lakini kuna herufi zilinimaliza roho. Kwetu hapa mtu akifa, msalaba unaandikwa na fundi mmoja, Shiundu. Ubao mweupe, herufi nyeusi, na chini ya jina anachora jani limejikunja hivi. Nimezika watu wengi nikiangalia hiyo misalaba na sikuwahi kuona kitu, lakini sasa Khasandi alikuwa amenifungua macho, siku moja kwa makaburi nikaona, kumbe herufi za Shiundu ziko na miguu. Kila moja imevaa viatu, imesimama wima, imepigwa pasi, kama wazee wanangoja kuitwa kwa meza ya mbele. Nikarudi nyumbani nikiwaza, kwani wafu ndio wanaziangalianga? Wao wamelala chini, mbao wanaonea kwa ndani. Sisi wazima ndio tunapita hapo, na sisi tunapewa za butchery.

Haya. Ikafika siku ya wakwe. Watu wa Shianda walikuwa wanakuja kuongea mahari ya Khasandi, na hiyo siku ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, walifiwa huko kwao, na mnajua posa na matanga hazikai kwa boma moja, moja ikiingia ingine inatoka. Khasandi alikuwa amengoja mpaka kucha zote amekula. Asubuhi akaniambia, "Kukhu, leo usifanye kitu. Kaa tu upendeze," akaenda kuazima viti kanisani.

Kaa tu upendeze. Unaachia mtu kama mimi maneno kama hayo, halafu unamwachia pia ubao, rangi nyeupe iliyobaki ya madirisha na nyeusi ya geti? Nikafikiri, hawa wageni hawajawahi kufika hapa, wameambiwa tu waulize kwa Rasoa, mbona nisiwawekee Rasoa mwenyewe pale getini wamwone kutoka mbali? Na siku kubwa kama hii nitaandika na za butchery kweli? Nikaamua, leo tunavaa viatu.

Wee, nilichora. Ubao niliupaka mweupe, ukakauka na jua, nikaingia na nyeusi polepole, ulimi nje. R ikatoa mguu mbele kama imesikia ngoma ya isukuti. S ikajikunja na heshima zake. O, maskini, haina pa kuweka miguu, nikaiwekea kivuli. Na chini ya jina nikapiga lile jani. Nikatundika kwa geti, nikarudi nyuma nikaangalia, nikajiambia Rasoa, mama, umefika. Nikaingia ndani kuvaa.

Sasa Selina alikuwa analeta sufuria kubwa ya obusuma, ugali wetu, maana yangu haitoshi wageni. Selina naye hajasoma, ukimwonyesha R na ndoo atakuuliza gani iko na maji, lakini mkono wa Shiundu nani haujui? Akiwa huko barabarani akaona nyeupe, nyeusi, miguu, jani, kwa geti ya Rasoa. Hakungoja kusoma, angesoma nini? Sufuria ilianguka, mikono ikaenda kichwani, akaingia boma mbio: "Woooi Rasoa, umeniacha na nani, woooi."

Mimi niko chumbani na kiatu kimoja, nasikia tu woooi. Na sisi hapa kilio hakiulizwi. Kilio kinajibiwa. Ukisikia unatoka unalia, jina la marehemu utaambiwa huko mbele. Kwa hivyo nikatoka na mlango wa jikoni, mikono kichwani, "Woooi, woooi watu wangu," sauti ilikuwa tamu hiyo siku, sijui kwa nini, na Selina anazunguka nyumba huku analia, na mimi nazunguka huku nalia, tunaenda upande mmoja hatupatani, na majirani wakasikia wawili, wakaingia kumi.

Na hapo ndipo wakwe walifika.

Nilikuwa nimechoka nikaegemea ukuta wa jikoni, kwa nyuma, nikasikia kilio kimenyamaza na mzee anaongea. Alikuwa Mzee Makokha, ndiye msemaji wao (kwake l inaachianga r kiti). Nikachungulia. Ametoa kofia, ameshika kifuani. "Sisi hatukubahatika kumjua," anasema, "rakini tumesikia arikuwa mama mpore, wa maneno machache." Nikajiuliza ni nani huyu jirani yetu mpole, sisi hapa hatuna. "Mama Rasoa," anasema, "arare pema."

Jamani. Ningetoka hapo hapo, sivyo? Lakini nyinyi mnajua ni lini mara ya mwisho mtu amenisifu? Nikaona wacha amalize. Akasema nilikuwa nguzo. Akasema mikono yangu haikujua uvivu. Nikaanza kutoa machozi ya kweli, kidogo.

Halafu akaweka kofia kichwani na sauti ikabadilika. Akasema kwa vile boma limeingiwa na kilio, wao watarudi Shianda, wangoje matanga ianuliwe, halafu waangalie, pengine ni mwaka ujao. Nikatafuta Khasandi na macho. Alikuwa ameketi chini getini, viti vya kanisa vimemwangukia pande zote, analia kama mtoto, huyu mwenye fonti zake, hata yeye aliona miguu akaamini. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

Sifa ikaniisha tumboni. Nikatoka vile nilivyo, kiatu kimoja.

Selina alianguka. Mzee Makokha akaenda nyuma ya bibi yake. "Huyu ni nani," akauliza akiwa huko nyuma. Nikamwambia mimi ndiye Rasoa. Akasema Rasoa ameandikwa pare. Nikasema, "Ameandikwa na mimi, baba. Mwili ni huu, unawakaribisha chai."

Khasandi akanikumbatia mpaka mbavu zikalia, halafu akanifinya, nawaambia alinifinya kweli. Akaangalia ubao. "Kukhu, umechukua fonti ya Shiundu?"

"Ndiyo ilikuwa nzuri."

Watu wakacheka, lakini Mzee hakucheka. Akasema yeye hajui habari ya fonti, anajua tu hawezi kupita chini ya jina kama hilo akienda kuongea ng'ombe, hata kama mwenye jina amesimama hapo amekosa kiatu. Na gari bado inanguruma.

Khasandi akafuta machozi. Akaniambia nilete mafuta ya taa na kitambaa, na ile rangi nyekundu ya sakafu. Nyeusi haikuwa imekauka. Akafuta jani. Akafuta miguu, moja moja, R ikabaki peku kama mimi. Halafu akachukua nyekundu akazinenepesha, tumbo, mabega, shingo ikapotea, mpaka ikawa RASOA mnene kabisa, wa butchery.

Mzee Makokha akatoka nyuma ya bibi yake. Akaangalia na jicho moja, akaangalia na mawili. "Eeh," akasema, "sasa huyu anakura." Akaambia dereva azime gari, akapita getini.

Mazungumzo yaliisha vizuri, ingokho, kuku wa wageni, ndio haikutosha, maana wote waliokuja kunililia walikaa wakanila. Na Mzee, baada ya kukaa na mimi jioni moja, alimwambia bibi yake kwa sikio, na mimi nikasikia, kwamba ile ya maneno machache anairudisha.

Herufi za miguu nimeapa sizigusi tena, na Shiundu amenikataza hata kupita karibu na kibanda yake nikiwa na makaa. Lakini ubao niliuweka, uko chini ya kitanda. Nimemwambia Khasandi, siku ya kweli ikifika, nisilale na za butchery. Anirudishie miguu yangu, R itoe moja mbele. Na wa Shianda waambiwe mapema, wasizime gari wakingoja nitoke nyuma ya jikoni: hiyo siku chai itabidi mtu mwingine awakaribishe.