Baiskeli Tuliyoisukuma kutoka Tabora

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Wa rika langu mkisikia hivyo mmeshajua nasema mwaka gani, sina haja ya kutafuta tarehe, na hata nikitafuta sitaipata, maana shule nilisoma mpaka darasa la tatu nikaishia hapo. Mvua ilikata mapema, mahindi yakakauka yakiwa na kimo cha mtoto anayetambaa, ndipo yakaja magunia ya unga rangi ya ndimu iliyoiva. Ukiusonga unanata kama udongo wa kufinyangia vyungu, na unanuka stoo. Tuliula. Asubuhi matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikaanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama kwato. Mchana ugali wa njano na mlenda. Jioni ugali wa njano, na mlenda ukiwa umeisha mchana basi ndiyo hivyo. Ila sisi wa huku mbele ya Ipole tulikuwa na nafuu moja, asali. Nyuki hawakuwa na habari na njaa yetu.

Asali hiyo ndiyo iliyotununulia baiskeli.

Baba yangu alikuwa mrina asali, mizinga yake imetundikwa porini mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Asali aliibeba kwa mzegamzega, mti begani, debe mbele na debe nyuma. Mwaka ule bega la kulia likaanza kukataa. Mama akawa anamkanda kwa maji ya moto kila jioni, na siku moja akamwambia mbele yetu wote, "Baba watoto, bega halina spea. Kanunue baiskeli." Baba akanuna siku mbili. Ya tatu akaniita mimi, akawaacha kaka zangu wamesimama. "Wewe unajua kusoma," akasema. "Utanisomea kilichoandikwa kwenye chuma."

Tulikwenda Tabora juu ya lori la tumbaku, tumekaa kwenye marobota, nikashuka nanuka kama kiko cha mzee. Madebe ya asali karibu yote baba aliyauza siku hiyo hiyo. Mawili akayabakiza, na sikujua anayabakizia nini mpaka tulipofika dukani.

Muuza baiskeli alikuwa Mwarabu mmoja mnene, mpole, kikombe cha kahawa hakimtoki mkononi. Mbele ya duka zimesimama baiskeli tatu. Moja nyeusi, mpya, ina karatasi bado kwenye fremu. Ya pili ya kijani, imeshatumika, rangi imebanduka. Ya tatu ya kike, ile isiyo na chuma cha katikati. Mtu mwingine angetazama rangi, angepiga kengele, angeuliza bei. Baba alisema, "Lete kamba."

"Kamba ya nini, mzee?"

"Nifunge mzigo."

"Mzee, hujanunua bado."

"Ndiyo maana naomba kamba."

Hapa niwaeleze. Babu yake baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa kwetu mpaka pwani, akarudi na majora ya nguo, akaenda tena. Kwetu jambo hilo hatulisemi kwa huruma, tunalisema kifua mbele. Na wapagazi wale hawakupokea mzigo kwa kuutazama. Mtu aliunyanyua kwanza, akazunguka nao kambini, akasikia unamkalia wapi, ndipo akasema ndiyo, au akautua chini akasema hapana. Nyumbani kwetu kila kitu kilipimwa hivyo. Mama alikuwa na utani wake kwamba hata yeye alibebeshwa mtungi wa maji kwanza, ndipo posa ikaja.

Basi baba akafunga madebe yake mawili ya asali kwenye keria ya ile nyeusi, akaisukuma kwenye mchanga mpaka kona ya sokoni, akarudi. Akafungua, akafunga kwenye ya kike, akaenda, akarudi. Akafunga kwenye ya kijani. Watu wakajaa. "Jamani, njooni muone," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga, "huyu baba anaichumbia baiskeli." Mwarabu akamwambia, "Mzee, panda basi, ujaribu." Baba akamjibu, "Sikuja kupanda. Nimekuja kubeba."

Nyeusi ilikuwa nzuri lakini uwezo wetu haukuifikia, na baba alisema inalalia kushoto, nadhani alisema hivyo ili roho isimuume. Ya kike ilipinda mgongo. Ya kijani ilikwenda kwenye mchanga kama inakwenda kwao. Kwenye shingo ya fremu ilikuwa na kibati kina maandishi. Baba akakigusa kwa kidole. "Haya mama, soma. Kinasemaje?"

Nikainama. Herufi nilizijua zote, moja moja. Zikikaa pamoja zilikuwa lugha ya watu wengine kabisa. Nikafikiria nauli ya lori, nikafikiria kaka zangu walioachwa nyumbani.

"Kinasema haivunjiki," nikasema.

Mwarabu alinitazama, akanywa kahawa yake, akanyamaza. Mungu amrehemu mtu yule.

Tukaisukuma kutoka Tabora mpaka nyumbani. Siku tatu. Baba ameshika usukani, mimi nasukuma nyuma, juu yake mfuko wa chumvi na yale madebe mawili ya asali tuliyorudi nayo kwa sababu baba alisahau kuyauza. Pale Sikonge watu walitoka wakatuuliza imeharibika nini. Baba akasema haijaharibika chochote. Wakauliza mbona hampandi, akasema, "Na nyie mkinunua ng'ombe mnampanda?" Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani.

Nyumbani bibi mzaa baba alitusubiri na unga. Kitu kipya kikiingia kwenye mji wake lazima kipakwe unga mweupe uliochanganywa na maji, ili waliotangulia wakijue. Unga mweupe haukuwepo mwaka ule. Wazee wakabishana kama waliotangulia watakubali wa njano. Mmoja akasema hawatautambua, watadhani ni dawa ya minyoo. Bibi akasema, "Sisi tunaula, wao ni nani waukatae?" Akaipaka usukani na kengele na keria. Jirani yetu Mmoraviani naye akaomba aiombee, akaomba sala ndefu mpaka unga ukakauka ukawa magamba.

Kisha mwalimu wa shule, mtu pekee kijijini aliyejua kuendesha, akaambiwa aizindue. Akapanda vizuri, akatupungia mkono, akashika mteremko wa kisimani. Tukasikia anaita jina la mama yake. Baiskeli haikuwa na breki hata moja. Tulijaribu mzigo, tulijaribu mchanga, tulisoma mpaka kibati, hakuna aliyewaza kwamba siku moja itabidi isimame. Maana kitu unachokisukuma kwa mkono, ukisimama nacho kinasimama. Mwalimu tulimtoa kwenye matope, mzima, ila suruali ndiyo iliyopata hasara.

Baba hakujali. Alisukuma baiskeli ile mwaka mzima bila kuipanda, anapiga kengele kwa kila anayekutana naye. Mimi nilijifunza kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, mwili umening'inia upande mmoja kama kuku anayepelekwa mnadani, na nikitaka kusimama nakandamiza kisigino kwenye tairi la mbele. Kisigino hiki cha kulia mpaka leo kigumu kuliko mwenzake. Wazee walisema msichana anayeendesha baiskeli hatapata mume. Nilipata, tena mzuri, na aliniposa kwa kunisukumia baiskeli kwenye mlima.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni uwanja wa nyumbani kwetu. Baiskeli moja, na watu hawakwisha. Anayempeleka mgonjwa zahanati alikuja kwetu. Anayepeleka muhogo mkavu mashineni alikuja kwetu. Aliyetaka tu kuikalia na kupiga kengele alikuja pia, na huyo ndiye aliyekaa sana. Na hakuna aliyekuja akaichukua akaenda. Alikaribishwa, akanawa, akala kwanza. Mama alisonga ugali wa njano bila kujua ni nani wataula. Nilichukia wakati ule. Nilikuwa nachota maji mengi.

Sasa nipo peke yangu. Mzee wangu, yule wa kusukuma baiskeli mlimani, nilimzika, huu mwaka wa tatu. Mtoto mmoja yuko Mpanda, mmoja Dar es Salaam, wa tatu sijui nimsemeje, namba yake haipatikani. Nasonga ugali na mkono unazidisha wenyewe, nikishtuka nina ugali wa watu watano, kuku wanakula vizuri sana hapa kwangu. Barabara kuu siku hizi ni lami, magari yanapita hayana hata muda wa kutimua vumbi. Kutoka lami mpaka kwangu ni mchanga, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kuna ndugu, nyumba nzima, waliwahi kunipigia simu kuniambia wamepita hapo usiku wakienda Mpanda, wamenikumbuka sana.

Mjukuu wangu Nyamizi anauza duka la dawa Tabora mjini. Kajiunga na wenzake wanaoendesha baiskeli kila Jumapili. Wanavaa kaptula zenye sponji matakoni, wanavaa kofia kama ganda la kobe, wanakwenda kilomita nyingi, wanafika mahali hawana shughuli napo, wanakunywa maji ya rangi, wanageuza. Hakuna aliyebeba hata kuni. Nilimuuliza hizo baiskeli keria ziko wapi, akasema hazina. Kengele? Hazina. Madigadi? Hazina. Breki je? Akasema breki zipo, nzuri sana. Nikamwambia basi mmetushinda hapo.

Wiki iliyopita akanipigia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, nimechoka kuazima, nanunua baiskeli yangu ya kwanza, nisaidie kuchagua."

Simu yangu ni kitochi, haioni picha, ikabidi anisimulie. Ziko mbili, za mtumba zote. Moja ina tairi nyembamba kama kidole, usukani umekunjwa kama pembe za kondoo, nyepesi unainyanyua kwa mkono mmoja. Pesa aliyonayo inaitosha. Ya pili ni kama hiyo, ila tairi zake nene kidogo na zina meno, za kwenda kwenye vumbi na changarawe. Hiyo lazima angoje mishahara miwili mingine, na wenzake wote wana zile nyembamba.

Nikamuuliza, "Umeifunga mzigo?"

"Bibi, hizi hazifungwi mzigo."

"Umeisukuma kwenye mchanga?"

Akacheka. Kisha akasema maneno ambayo nadhani aliyapanga. Ile nyembamba itamfikisha mpaka Ipole na mbele yake, lami tupu, alfajiri anatoka, mchana amefika. Mchanga ndio haitauweza, na akisema aje kwa miguu gari la kurudi litampita. "Kwa hiyo bibi, nikikaribia nakupigia, wewe uje barabarani. Pale kwenye kibanda cha chai. Tunakaa, tunakunywa soda, tunaongea wee, halafu mimi natafuta gari la kurudi."

Sio kwamba siwezi. Miguu inafika, kila wiki nafika pale kununua chumvi na betri. Lakini pale barabarani ndipo nilipowasindikiza wanangu wote. Nimebeba mabegi yao kichwani mpaka pale, nikasimama mpaka gari likapotea, nikarudi na mikono mitupu. Baba yake Nyamizi nilimwacha pale. Na ndani kwangu kuna vigoda sita, tangu matanga ya mzee wangu nakalia kimoja. Nikienda kukaa kwenye benchi la mwenye chai, nikanywa soda yake, mjukuu wangu akageuza, huku nyumbani kutakuwa kumeingia nani?

Nikamwambia, "Siji barabarani. Mgeni wangu namkaribisha mlangoni kwangu."

Akasema atafikiri.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Enzi zetu chuma kimoja kisicho na breki kiliujaza uwanja, na tulikisukuma siku tatu kikiwa na chumvi na asali, tena kwenye mchanga huu huu. Leo vyuma ni vingi na vyepesi, lami imelala kama mkeka, na kila mtu ana kifaa cha kumfikisha karibu na kwangu. Karibu tu. Wala siwalaumu watoto, wamejifunza kuangalia baiskeli inakwenda kasi gani, hawakufundishwa kuuliza inakwenda kwa nani. Labda ni sisi hatukuwafundisha. Juzi nilifagia uwanja mara mbili, asubuhi na alasiri, na alasiri hapakuwa na unyayo wowote wa kufagia ila wa kuku na wangu.

Leo Jumamosi simu ikaita nikiwa napepeta mchele.

"Bibi, niko dukani. Pesa iko mkononi. Kuna mtu mwingine anaitaka hii nyembamba, ananisubiri niseme." Nyuma yake nasikia watu, nasikia gurudumu linazungushwa, tik tik tik. "Ile nyingine nikiingoja huenda wakaiuza, nikakosa zote mbili, nisije kabisa. Bibi, sema tu utakuja barabarani. Mara moja tu. Nimekumiss mno."

Na mimi nimemkumbuka, Mungu anajua. Niliweka ungo chini. Nikatazama njia ile ya mchanga inavyokwenda mpaka inaingia kwenye msitu wa miyombo.

"Siji barabarani. Mgeni wangu namkaribisha mlangoni kwangu."