Simu ya Baba Iliyolia Bila Kupokewa

Baba hakutaka simu mpya. Ile niliyompa miaka ya nyuma ilikuwa na ufa uliokatiza kioo kutoka pembe hadi pembe, na betri yake ilikuwa imevimba hata akaifunga kwa mpira isifumuke. Lakini alikuwa ameizoea. Siku moja akanipigia kutoka kijijini kwake Mbuchi, huko kwenye delta ya mto, akanisomea neno kwa neno maandishi yaliyotokea kwenye kioo: programu ya kutumiana ujumbe haitafanya kazi tena kwenye simu ya aina hiyo.

Alipomaliza kusoma akauliza: "Ina maana sitamsikia tena shangazi yako?"

Shangazi alikuwa mdogo wake, anakaa Utete. Walizaliwa saba, wakabaki wao wawili. Kila Ijumaa baada ya swala shangazi alikuwa akimpigia, na katikati ya wiki walitumiana ujumbe wa sauti kwa Kindengereko, lugha ambayo mimi naishika maneno machache tu. Baba anaishi peke yake tangu mama afariki. Hapo kijijini Kindengereko kipo, lakini mtu wa kuzungumza naye mambo ya utotoni mwao alikuwa mmoja tu.

Mimi ni mwalimu Kibiti. Wanangu wako Dar es Salaam, mume tuliachana zamani. Shule ilipofungwa nikanunua simu, nikaenda nayo Mbuchi.

Tulikaa barazani mchana mzima. Taabu ya kwanza ilikuwa vidole. Baba amekata mikoko tangu ujana wake, kisha akarudi kwenye mpunga, na ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu kama ganda. Kioo kilikuwa hakimsikii. Akibonyeza, hakuna kitu. Akibonyeza tena kwa nguvu, inafunguka picha ambayo hakuitaka. Mwishowe tukagundua kwamba kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinakubalika, na ndicho alichotumia siku zote baadaye, akiwa amekikunja kwa uangalifu kama mtu anayeonja chumvi.

Nilimfundisha kupokea: duara la kijani, bonyeza. Nilimfundisha kusikiliza ujumbe wa sauti: picha ya kijani, safu ya chini, ya pili kutoka kulia. Alipouliza mara ya tano nikamshika kidole na kukipeleka mwenyewe. Alikiondoa taratibu mkononi mwangu.

Kabla sijaondoka nikamwachia maagizo mawili. "Baba, hii simu usimpe mtu yeyote aishike. Watu siku hizi ni matapeli. Na ikikuuliza jambo lolote usilolijua, wewe bonyeza Sawa, itaendelea."

"Nimekusikia, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto.

Simu ile ilifanya kazi vizuri kupita nilivyotarajia, na jambo hilo lilinipunguzia safari. Ile ya zamani ilikuwa ikiharibika kila baada ya miezi miwili, nami nilikuwa nikienda kuitazama. Nilikuwa nakaa siku mbili, napika, nafua mashuka yake, narudi. Sasa nikawa sina sababu. Tukawa tunazungumza dakika tatu, nne, kila mtu anamwambia mwenzake kwamba ni mzima.

Kisha akaacha kupokea. Nilipiga Jumatatu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga Jumatano, vilevile. Nikajiambia mtandao wa delta ndivyo ulivyo, na msimu ule watu wote wako mashambani kuamia ndege wasile mpunga. Wiki ikapita, na ya pili. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nasema hivi si kwa kujitetea. Nilikuwa na mitihani, lakini pia nilikuwa nimezoea kuamini kwamba simu ikiita upande wa pili, basi kila kitu kipo salama.

Wiki ya tatu binamu yangu, binti wa shangazi, akanipigia kutoka Utete. "Dada, mama ameanguka. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na mdomo hautoi neno. Mjomba nampigia tangu jana hapokei. Ana nini na sisi?"

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu asubuhi ileile. Nikapanda basi la kusini hadi Nyamwage, nikachukua pikipiki, nikashuka, nikachukua nyingine. Njia nzima nilikuwa nafikiri nitamkuta amekufa ndani ya nyumba.

Nilimkuta ameketi barazani, amevaa kanzu safi, simu iko mapajani. Ilikuwa imejaa chaji. Kila siku alikuwa akiipeleka kwenye sola ya dukani na kusimama palepale mpaka ijae, kwa sababu nilimwambia asimwachie mtu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekuja." Hakuonyesha kushangaa.

"Mbona hupokei simu?"

Akaiinua, akanipa kwa mikono miwili. "Iliniuliza jambo. Ilisema kuna sasisho. Nikabonyeza Sawa, kama ulivyoniambia. Ikazima, ikakaa sana, ikawaka. Ilipowaka ikawa si ile. Picha zimehama, hata ile ya kupigia siioni. Na ikilia nabonyeza lile duara, inaendelea kulia. Nabonyeza tena. Inalia, inalia, kisha inanyamaza."

"Hukumwomba mtu hapa akusaidie?"

"Uliniambia nisimpe mtu."

Nikaishika simu nikajipigia kwayo, kisha nikapiga kutoka kwangu ili nione. Duara la kijani lilikuwa palepale, lakini sasa halikutaka kubonyezwa. Lilitaka kusukumwa juu. Basi. Msogeo wa kidole, kama mtu anayefuta vumbi. Kwa hilo tu baba alikaa siku kumi na tisa anaitazama simu ikilia, anaona jina langu limeandikwa, anaona jina la dada yake, na hawezi kutufikia.

"Nisamehe, baba."

"Kwa lipi? Ulichonifundisha nilikishika. Ni yenyewe iliyogeuka."

Ndipo nikamweleza habari ya shangazi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo, ingawa dada yake alikuwa bado hai. Akauliza kama anaweza kuzungumza. Nikasema hawezi.

Niliitafuta picha ya kijani, ilikuwa imetupwa ukurasa wa pili. Ndani kulikuwa na ujumbe sita wa sauti kutoka kwa shangazi, haukusikilizwa hata mmoja. Nilitaka nimwache asikilize peke yake, lakini alinishika mkono nikae. Tukausikiliza wote. Katika wa kwanza shangazi alikuwa anacheka. Katika wa tatu aliongea kwa kirefu. Wa mwisho ulikuwa mfupi sana, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Anasemaje, baba?"

"Ananiuliza nimekasirikia nini."

Kesho yake tukaenda Utete. Shangazi alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, uso umevutwa upande mmoja. Macho yake yalimtambua baba mara moja. Baba akavuta kiti, akaushika ule mkono uliokuwa bado na nguvu, akaanza kuzungumza naye Kindengereko. Alizungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza na mtu yeyote. Katika yote yale neno nililolishika vizuri lilikuwa moja, kwa kuwa halina badala yake katika lugha yao: simu. Alilitaja mara nyingi. Alimwonyesha kwa kidole chake cha mwisho jinsi alivyokuwa akibonyeza, kisha jinsi inavyotakiwa sasa, kwenda juu.

Shangazi alimtazama tu. Kama alielewa au hakuelewa, hakuna aliyejua. Binamu alisimama mlangoni analia, akaniambia baadaye kwamba siku za mwisho kabla ya kuanguka mama yake alikuwa akisema kaka yake amemsusa.

Baba alibaki Utete. Mimi nikarudi kazini. Shangazi hakuongea tena, na mpunga ulipokuwa unavunwa akafariki. Safari hii simu ya taarifa ilitoka kwa baba mwenyewe, akanipigia mchana, akasema maneno machache yanayofaa, na nikaenda kuzika.

Amerudi Mbuchi sasa. Nilimwomba aje tukae wote Kibiti, akasema hawezi kukaa mahali anapoamka hana la kufanya. Niliizuia simu yake isipokee masasisho bila mimi kuwepo, ingawa nasikia hata hilo lina mwisho wake, ipo siku itakataa tena. Ijumaa hakuna anayempigia baada ya swala ila mimi, na mimi si mtu wa kuzungumza naye habari za wazee wake kwa lugha yao.

Nampigia kila siku nikitoka shule. Hatuna mengi. Ananiambia mvua imenyesha, namwambia huku bado. Tunaagana. Lakini hakati simu, anaitia mfukoni mwa shati ikiwa wazi, na mimi pia sikati. Nakaa kitandani na viatu miguuni, nasikia nyayo zake, kuku, jirani anatwanga, mlango unafunguliwa. Wakati mwingine anakohoa. Wakati mwingine anasema jambo kwa Kindengereko, peke yake, na hakuna anayemjibu.