Kiti cha Leh kwa Jina la Mama

Kabla hujasema nina malaria iliyopanda kichwani, njoo ofisini kwangu hapa Singida mjini, mchana wowote jua likiwa kali. Utanikuta nimevaa sweta la sufu na feni nimeizima. Wateja wananitania kwamba nimehamia Makete kwenye baridi bila kuaga, nami nacheka nao. Lakini ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, na shahidi ninaye.

Kazi yangu ni kukata tiketi. Za basi ndizo zinazonilisha, za ndege huja mara mojamoja: anayepeleka mgonjwa India, anayekwenda Hija, kijana aliyepata chuo. Na bila kujisifu, kwa kutafuta nauli nafuu mimi ni mkali. Najua siku ambazo bei hushuka, najua lini ununue safari nzima na lini uikate vipande, najua pia kwamba mara nyingine kwenda na kurudi ni rahisi kuliko kwenda tu. Lakini kuna mchezo ambao sisi mawakala wadogo tunaucheza bila kuutangaza. Mteja akija pasipoti yake haijatoka, na wewe umeona nauli ambayo kesho haitakuwepo, unakishika kile kiti kwa jina la mtu mwingine ambaye taarifa zake unazo kwenye kompyuta. Pasipoti ikitoka, unafuta na kuandika upya haraka kabla kiti hakijachukuliwa. Ni makosa, na tunafanya hivyohivyo.

Siku hiyo ilikuwa saa saba na kitu mchana, mwezi wa kumi. Kama umewahi kufika Singida unajua upepo wetu hauna likizo. Basi siku hiyo ulikata ghafla, mpaka bango la duka la jirani likaacha kugongagonga ukuta. Nikainua kichwa, nikamkuta mtu ameshakaa kwenye kiti cha wateja. Mlango wangu unakwaruza sakafu, hakuna anayeingia bila kusikika. Huyu sikumsikia.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa huku kwetu kwa sura, ila amevaa koti nene la baridi na zipu ameivuta mpaka kidevuni. Hakuwa na jasho hata tone. Mashavu yalikuwa yamekauka na kupasuka, midomo imekuwa ya zambarau. Akanisalimia kwa Kinyiramba, kwa lafudhi ya nyumbani Kiomboi kabisa. Nikafurahi, nikamwitikia, nikammiminia chai kutoka kwenye chupa.

Nisikilize hapa. Chai ile ilikuwa imetoka jikoni wakati uleule, inafuka moshi. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja bila kupuliza, akafuta mdomo.

"Huku kwenu maji yanachelewa kuchemka," akasema. Nikadhani ni utani.

Halafu akasema anataka Leh. Kwenda tu, na iwe ya bei nafuu. Leh yenyewe nilikuwa siijui. Nikaitafuta, nikakuta ni mji wa kaskazini mwa India, juu milimani, zaidi ya mita elfu tatu. Nikamweleza kwamba Dar hadi Delhi haina shida sana, kinachoumiza ni kile kipande cha mwisho cha kupanda mlimani. Nikaingia kazini: nikakata safari vipande, nikasogeza tarehe mbele, nikajaribu katikati ya wiki, mpaka ikatokea nauli ya mwezi wa tatu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nusu ya bei ya zile nyingine, na kiti kilikuwa kimoja. Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Kazi hii ina ulevi wake.

"Nipe pasipoti," nikamwambia.

"Sina bado. Weka jina lolote kwa sasa."

Nami bila kufikiri nikafungua taarifa za mama yangu. Nilizihifadhi tangu alipokwenda India kutibiwa macho, pasipoti ilikuwa bado haijaisha muda, na jina lake nilishalitumia mara kadhaa kushikia watu viti. Nikabonyeza, kiti kikashikwa. Yule mtu akainama juu ya meza akayasoma majina ya mama kwenye skrini, polepole, kwa sauti, yote matatu. Pumzi yake ikatoka nyeupe. Mwezi wa kumi, Singida, saa saba mchana. Niambie wewe hiyo ni nini?

Ndipo nikaiona pakiti ya krispi niliyokuwa nimeiweka mezani. Ilikuwa imevimba, imekakamaa, kidogo tu ipasuke.

"Kesho saa hizi nitapita," akasema. Alipotoka, pakiti ikanywea taratibu mbele ya macho yangu, na upepo ukarudi.

Baada ya nusu saa hivi akaingia Mzee Kanji. Huyu ni jirani yangu mwenye duka la vyakula, Mhindu mzaliwa wa hapahapa, baba yake kazikwa... samahani, wao huchoma. Baba yake kafia hapahapa. Nikampa shikamoo, akaitikia haraka haraka.

"Binti, nani kapita hapa?" akauliza. "Krispi zangu dukani zimevimba zote. Mbili zimepasuka."

"Mteja tu, mzee. Anataka kwenda Leh."

Mzee Kanji akakaa. Akasema kitu kile alishakiona mara moja tu, alipokwenda kuhiji milimani na marehemu mke wake. Kule juu hewa ni nyembamba, maji yanachemka upesi kabla hayajawa moto sana, na kila pakiti iliyofungwa inavimba. Na dereva aliyewapandisha aliwaambia kwamba wapo waliobaki kule, ambao mlima hauwaachii mpaka wapate wa kuwashikia zamu.

"Umemwandikia jina la nani?" akaniuliza.

Sikuwahi kumjibu, simu iliita. Alikuwa mama mdogo, anapiga kutoka Kiomboi. Mama alikuwa ameketi uani anapeta alizeti, akasimama ghafla, akasema, "Mbona nimepanda juu hivi?" kisha akaanguka. Walikuwa wamemfikisha hospitali, amewekewa hewa ya mtungi, na bado alikuwa anahema. Anatetemeka kwa baridi, wamemfunika mablanketi matatu.

Nilifuta kile kiti papo hapo. Skrini ikaandika kimefutwa. Nikashusha pumzi, nikatazama tena, kiti kipo palepale, jina la mama lipo palepale. Sasa kilikuwa kimelipiwa, wakati mimi sikupokea hata shilingi. Na tarehe haikuwa tena ya mwezi wa tatu. Ilikuwa keshokutwa alfajiri. Nikampigia wakala mkubwa wa Dar tunayepitishia tiketi, akaangalia, akasema kwake kila kitu kinaonekana sawa, abiria asafiri salama.

Nilitaka kukimbilia Kiomboi. Unajua mtoto anavyojisikia mama yake akiwa katika hali ile, hata akili inakataa kukaa. Mzee Kanji ndiye aliyenizuia. "Ukienda kule utamwona anavyoondoka," akasema. "Kaa hapa umngoje anayemwondoa." Nikakaa. Uamuzi ule uliniuma kuliko yote, kwa sababu kama ningekosea, mama angekufa bila kuniona.

Kesho yake Mzee Kanji alifunga duka lake saa sita, akaja kukaa kwenye kona ya ofisi yangu, pakiti ya krispi mkononi. Saa saba na kitu upepo ukakata. Pakiti ikaanza kuvimba. Tulipogeuka, yule mtu alikuwa ameshakaa kitini.

Safari hii alikuwa amefungua zipu. Midomo imerudi rangi yake, mashavu yamelainika, na kwenye paji la uso alikuwa na jasho. Aliligusa kwa kidole akalitazama, akatabasamu. Niliogopa lile tabasamu kuliko kitu chochote.

"Kaka yangu, nakuomba," nikamwambia. "Mtoe mama yangu."

"Kiti hakirudi kitupu," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Na mimi niliandikwa na mtu niliyemwamini. Sasa nimechoka na baridi." Akatazama kompyuta yangu. "Lakini kubadilisha jina unaweza. Mbona una majina mengi humo."

Alisema kweli. Kila niliyewahi kumkatia tiketi ya ndege, pasipoti yake imo. Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza hata mchungaji wangu. Nilifungua. Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana mmoja aliyewahi kunitapeli nauli za watu wanne, nikaitazama picha yake, nikaandika jina lake la kwanza. Kisha la pili. Nilijiambia mtu kama yule hana wa kumlilia. Simu ikaita, mama mdogo analia, anasema mama anawaita watu mmojammoja anawaaga, na mimi ameniulizia mara mbili.

Sijui kilichonizuia. Labda ni kwamba kwenye picha yule tapeli alikuwa amefunga tai vibaya, kama mtu aliyefungiwa na mtoto wake. Nikafuta jina lake. Nikaandika langu.

Na hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia. Kabla sijabonyeza, nikaangalia bei ya kwenda na kurudi. Ilikuwa chini kidogo ya ile ya kwenda tu. Nikaichagua hiyo, yenye kuruhusu kubadilisha tarehe ya kurudi, muda wake mwaka mmoja. Nikabonyeza.

Yule mtu akasimama. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Sikuomba ya kurudi."

"Uliomba ya bei nafuu," nikamjibu.

Pakiti ikapasuka mikononi mwa Mzee Kanji, tukashtuka sote wawili, na tulipotazama kiti kilikuwa kitupu. Nilipokigusa kilikuwa na baridi ya barafu. Simu ikaita tena. Mama mdogo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja: mama amekaa kitandani, anaomba uji, na anauliza kwa nini wamemfunika mablanketi yote hayo.

Mama yuko mzima mpaka leo, anapeta alizeti zake. Nashukuru, na ningeandika tena jina langu.

Lakini kesho yake alfajiri, siku ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, niliamka sina pumzi. Nikafungua kompyuta nikiwa nimejikunyata, nikasoma: abiria amepanda. Mchana kesho yake: abiria amefika Leh. Mimi nilikuwa kitandani kwangu Singida, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Tangu hapo, ngazi tatu za benki napumzika mara mbili. Chai ya moto nainywa bila kupuliza. Kila nikijaribu kupanga tarehe ya kurudi, jibu ni lilelile, hali ya hewa mbaya, ndege haishuki. Nimejaribu karibu kila wiki. Mwaka unakaribia kwisha.

Kwa hiyo nakuonya. Nakala ya pasipoti yako usimwachie mtu kwa sababu tu anakutafutia nauli rahisi. Muulize anaiweka wapi na anashikia nini. Na usimruhusu mtu, hata ndugu yako, aandike jina lako kwenye kiti usichokwenda kukikalia.

Zile nakala za wateja nilizifuta zote, Mzee Kanji akishuhudia. Asubuhi nikazikuta zimerudi. Naye siku hizi akija kunisalimia anaacha bidhaa zake mlangoni, kwa sababu akiingia nazo krispi zinavimba. Basi ukija ofisini kwangu, njoo na pakiti mkononi, uitazame kabla hujakaa. Ikivimba, geuka urudi ulikotoka, hata nikikuita kwa upole, hata nikikutajia nauli ambayo hujawahi kuisikia. Mimi si mtu mbaya. Lakini tiketi yangu inaisha muda mwezi ujao, na wewe baridi ya huku juu huijui.