Shimo la Kumkalisha Mtoto

Kwetu Samuye mtoto alifundishwa kukaa kwa shimo. Mama mkwe wangu alilichimba mwenyewe kwa jembe, hatua chache kutoka mlangoni, akatandika matambara ndani, akamtia mwanangu hadi kiunoni, kisha akamshindilia kaniki kuukuu pande zote asiyumbe.

"Siku saba tu," alisema. "Baba yake nilimchimbia hapahapa."

Siku saba zikapita, zikapita na nyingine saba. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa mwezi mmoja na wangu, alikwisha kutoka shimoni na sasa alikuwa akitambaa uani kwao na kula udongo. Wangu alikuwa na macho mazuri, yalinifuata kila nilikokwenda, lakini nikimtoa tu shimoni mwili unalegea na shingo inaanguka. Nilimkanda kwa samli asubuhi na jioni. Nilimkaripia, Mungu anisamehe, mtoto wa miezi tisa! Hata yule wa jirani nilimchukia, yeye na udongo wake.

Mume wangu alikuwa Geita, akichimba dhahabu ya Wazungu. Mara ya mwisho kumwona mwanawe, kitovu kilikuwa hakijadondoka. Barua yake ilipofika nilimpelekea katekista anisomee. Mume wangu aliuliza jambo moja: mtoto ameshakaa?

"Mwandikie anakaa," nilisema.

Nilijiambia si uongo. Shimoni si alikuwa anakaa?

Jibu likaja kwamba atarudi pamba ikishavunwa, na kwamba amemnunulia njuga, zile wanazofungwa watoto miguuni wakianza kutembea. Katekista alisoma akicheka kwa furaha. Mimi nilitamani pamba isikomae mwaka ule. Lakini ilikomaa, tena ilikuwa nyingi.

Siku aliyorudi, watoto walitangulia mbio kutupa habari. Ningeweza kumpokea njiani, mtoto mgongoni, nikamweleza taratibu. Badala yake nilimkimbiza mtoto shimoni, nikamshindilia kaniki, nikamkunjia tambara nene nyuma ya shingo. Baba yake alipoingia uani alimkuta amekaa wima kama mzee wa baraza.

"Ah, ng'wana wane!" Mwanangu! Alitupa mzigo chini, akachuchumaa, akamshika mikono miwili amvute juu.

Nilipaswa kusema ngoja. Sikusema. Mtoto alitoka shimoni na kichwa chake kikaanguka nyuma, kikabaki kinaning'inia, macho yakitazama mbingu. Mume wangu alimdaka kisogoni haraka.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu mwanzo."

Hakunipiga wala hakufoka, na mimi nilitaka afanye mojawapo. Mama mkwe alichukua jembe akaanza kulifukia lile shimo. Mume wangu akakaa chini na mtoto mapajani, akafungua mzigo wake, akatoa njuga na kumfunga mguu mmoja, kisha wa pili. Nilimwacha.

Kesho yake nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda kisimani. Njuga zililia kwa hatua zangu njia nzima. Wanawake walikuwa wameinama wakichota maji, na mmoja wao, bila kugeuka, akasema kwa furaha ya kweli:

"Mama, kumbe mwanao anatembea!"