Kitenge cha Dinosaria

Wiki hii, sokoni Gisenyi, nilisimama kwenye meza ya vitenge nyuma ya shangazi mmoja aliyetafuta sare ya wanawake wa ukoo wake. Jumamosi wakwe wanaleta ng'ombe wa mahari.

Muuzaji, mama wa Goma, alitandaza kitenge cha kijani chenye wanyama wa shingo ndefu. Shangazi akaifuata shingo moja kwa kidole mpaka pindoni.

"Hii ni munyama gani?"

"Mi sijui. Lakini iko muzuri, mama."

Mwalimu mmoja aliyerudi kutoka Tanzania, naye yuko mezani, akadakia: "Hao ni dinosaria, shangazi. Walikwisha zamani mno, kabla ya watu. Kusini kwa Tanzania walichimbua mifupa yao, mguu mmoja unamzidi mtu kimo. Siku hizi wanasema jamaa zao waliobaki ni ndege, hata kuku."

"Kuku?" Shangazi akakisukuma kitenge. "Mi nangojea ng'ombe, nivae babu ya kuku? Wakwe watatuletea kuku."

Tukacheka wote isipokuwa muuzaji. Alikikunjua tena, akamzungushia shangazi kiunoni, akarudi nyuma kumtazama.

"Wakikuta munyama mukubwa hivi kwako, nani atasubutu kuleta ndama?"

Shangazi akajitazama kushoto, akajitazama kulia.

"Bon, sawa," akasema. "Ukate ya wanawake wote."

Nasikia wataalamu bado wanabishana nini kiliwamaliza wanyama hao. Waje Jumamosi kwa shangazi, wawakute kazini, wakisimamia mahari.